Avansi ya motere ya boti: ile iliyoregliwa Golf inaweza kutoboa pistoni Moba

Lubumbashi iko mbali na maziwa makubwa. Lakini ni mji wa mafundi na wa maduka ya piesi, na mizigo mingi inayotoka kusini inaingilia huku. Ndiyo maana mwenye boti wa Kasenga, wa Pweto au wa Moba ambaye motere yake ya esansi imechoka anaweza kuipakia ndani ya lori na kuileta mjini.

Mfano ni huu. Motere imefunguliwa na kufungwa tena ndani ya parsele moja ya mtaa wa Golf. Fundi anaiwasha, analegeza delko, anaizungusha kidogo huku anasikiliza. Sauti inapanda, inakuwa safi. «Sasa inavuta», anasema, anakaza bulo. Mwenye mali anafurahi, analipa, anarudi kwake. Wiki inayofuata boti iko katikati ya ziwa, imejaa watu na mifuko ya unga. Motere inaanza kugonga kama misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Halafu moshi mweupe unatoka, nguvu inaisha, boti inabaki kusukumwa na upepo. Wakifungua kulasi wanakuta pistoni moja imetoboka katikati.

Fundi hakuiba wala hakuweka piesi mbaya. Kosa lilikuwa moja: avansi iliregliwa kwa sikio, motere ikiwa haina mzigo, mahali pa juu kuliko ziwa. Makala haya yanaeleza avansi ni kitu gani, kwa nini motere ya boti haivumilii makosa ambayo motere ya gari inavumilia, na namna ya kuiregle kwa kipimo.

Avansi ni nini?

Ndani ya motere ya esansi, pistoni inapanda na kubana mchanganyiko wa hewa na esansi. Buji inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, na moto unasukuma pistoni chini. Wengi wanafikiri cheche inatoka wakati pistoni iko juu kabisa. Hapana. Inatoka mbele kidogo, pistoni ikiwa bado inapanda. Kule kutangulia njo avansi, na kunapimwa kwa digrii za mzunguko wa vilbreke.

Sababu yake ni kwamba moto hauwaki mara moja. Unaanzia kwenye buji na kusambaa mpaka mwisho wa chumba, na kazi hiyo inachukua muda, hesabu ya elfu chache za sekunde. Motere inataka presha kubwa kabisa ifike pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, karibu digrii 10 hadi 15 baada ya juu kabisa. Ikifika hapo, inasukuma vizuri. Ikifika mapema, inapigana na pistoni inayopanda. Ikichelewa, pistoni imeshakimbia na nguvu inapotea kwenye bomba la moshi.

Hesabu inaonyesha kwa nini digrii moja haiwezi kufaa kila mwendo. Kwenye ralanti ya mizunguko 750 kwa dakika, vilbreke inazunguka digrii 4,5 kwa kila elfu moja ya sekunde. Kwenye mizunguko 3.000, inazunguka digrii 18 kwa muda huohuo. Moto hauongezi mbio kwa kiasi hicho. Kwa hiyo cheche lazima itangulie zaidi motere inapokimbia. Motere nyingi za zamani zenye delko zinataka digrii 5 hadi 10 kwenye ralanti, na jumla ya digrii 25 hadi 35 zikikimbia. Lakini hiyo ni picha ya jumla tu. Namba ya kufuata ni ile ya kitabu cha motere yenyewe, au ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kiwanda.

Nani anaongeza avansi wakati motere inakimbia? Ndani ya delko kuna vyuma viwili vidogo vinavyoshikwa na springi. Motere ikiongeza mwendo, vyuma hivyo vinafunguka kwa nguvu ya mzunguko na kusogeza cheche mbele. Delko za magari mara nyingi zina pia kitu cha pili: kifuko kidogo chenye utando kinachovutwa na hewa ya karburateri. Hicho kinaongeza avansi wakati dereva anagusa akselere kidogo tu. Delko za kiwanda za boti kwa kawaida hazina kifuko hicho, na sababu yake njo roho ya habari yote hii.

Boti haina mteremko

Gari likitembea kwenye barabara ya lami iliyo sawa linatumia sehemu ndogo ya nguvu zake. Linapanda mlima dakika chache, kisha linashuka na motere inapumzika. Dereva anabadilisha vitesi. Hata kama avansi imezidi kidogo, motere itagonga kwenye kilima tu, dereva atasikia na kupunguza.

Boti haina mteremko. Elisi inasukuma maji muda wote, na maji hayachoki. Nguvu inayohitajika inapanda haraka sana kuliko mwendo: kuongeza mizunguko ya elisi mara mbili kunadai nguvu karibu mara nane. Boti iliyojaa mzigo inafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, saa baada ya saa. Ni kama gari linalopanda mlima kutoka asubuhi mpaka jioni, bila kufika juu.

Katika hali hiyo, avansi iliyozidi ni hatari. Presha inapanda mapema mno, na ule mchanganyiko ambao moto haujaufikia unalipuka wenyewe kwa mkupuo. Huo njo mlio wa misumari. Kila mlipuko unafuta ile ngozi nyembamba ya hewa iliyotulia juu ya pistoni na kuikinga na joto. Moto wa ndani unapita digrii 2.000 za joto, na aluminiamu inayeyuka kwenye digrii 660 hivi. Pistoni ikikosa ile kinga, haina muda mrefu. Na juu ya boti, kelele ya motere, ya maji na ya abiria inaweza kufunika mlio huo mpaka hasara imeshafanyika.

Kwa hiyo, sikio la fundi ndani ya parsele haliwezi kutoa jibu. Motere isiyo na mzigo haigongi. Ukiizungusha delko mbele, ralanti inapanda na sauti inapendeza, hata ukiwa umepita kipimo. Sikio linachagua avansi inayofurahisha motere tupu. Boti yenyewe haiendi tupu.

Golf na ziwa: hewa si ileile

Kuna jambo la pili ambalo watu wanasahau. Lubumbashi iko karibu mita 1.200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Mweru, kule Kilwa na Pweto, liko kwenye mita 920 hivi. Ziwa Tanganyika, kule Moba na Kalemie, liko kwenye mita 770 hivi. Bukama na bonde la Upemba viko chini zaidi.

Ukishuka kutoka Golf mpaka Moba, presha ya hewa inapanda kwa karibu asilimia 5. Motere inavuta hewa nyingi zaidi kwa kila pumzi, inabana zaidi, na inapata nguvu zaidi. Hiyo ni faida, lakini pia inasogea karibu na mpaka wa kugonga. Avansi iliyokuwa inavumilika juu ya plato inaweza kuzidi kando ya ziwa. Kinyume chake pia ni kweli: kule Goma na Bukavu, Ziwa Kivu liko karibu mita 1.460, na motere iliyotoka Tanganyika itaonekana imepoteza nguvu. Wengi wanakimbilia kuzungusha delko ili kuirudisha. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa nyepesi hairudi yote kwa avansi, na motere hiyo ikirudishwa chini itapata shida.

Jambo la tatu ni esansi yenyewe. Esansi iliyochanganywa na petroli, yaani mafuta ya taa, inagonga haraka. Anayenunua kwenye bidoni kando ya barabara hana njia rahisi ya kujua. Kama motere haikuwa inagonga na imeanza baada ya kujaza mafuta mapya, lawama ya kwanza iende kwenye mafuta, si kwenye delko.

Mzigo, hewa na mafuta: vitu hivi vitatu vyote vinabadilika kati ya parsele na ziwa, na vyote vitatu vinaweza kusukuma upande mmoja, ule wa kugonga. Njo maana avansi iliyotosha Golf inaweza kuzidi Moba.

Mimi na Toutou zilipita huku

Kupeleka motere za esansi ziwani kwa kupitia Lubumbashi si jambo la leo. Mwaka 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walileta boti mbili kutoka kwao kwenda kupigana na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Zilikuwa za mbao, za urefu wa futi 40, na kila moja ilikuwa na motere mbili za esansi ndani yake. Ziliitwa Mimi na Toutou, na mkubwa wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson.

Zilishushwa Cape Town, zikapanda gari-moshi mpaka Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, mwezi wa Julai 1915, kisha zikaendelea mpaka Fungurume, mwisho wa reli wakati ule. Kutoka hapo zilivutwa na mashine za mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba. Zilipata reli tena Sankisia, zikafika Bukama, zikateremka mto Lualaba mpaka Kabalo, halafu gari-moshi likazipeleka upande wa Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 meli nyingine, Hedwig von Wissmann, ilizamishwa.

Boti hizo zilijaribiwa kwanza kwenye mto Thames, karibu na usawa wa bahari, halafu zikafanya kazi kwenye ziwa la mita 770. Motere nyingi za miaka ile zilikuwa na mkono mdogo wa kusogeza avansi, na mtu wa motere aliushika mwenyewe: anarudisha nyuma wakati wa kuwasha, anasogeza mbele motere ikikimbia, anarudisha tena ikianza kugonga. Leo ule mkono hauko. Kazi yake imeachiwa vile vyuma viwili vya ndani ya delko, na havijui kama boti imejaa au iko tupu.

Motere gani inahusika?

Habari hii ni ya motere ya esansi iliyofungwa ndani ya boti na yenye delko. Nyingine zina utaratibu wao.

Motere ya mazutu haina buji wala cheche. Ina avansi pia, lakini ni ya pompe inayopuliza mafuta. Inaregliwa kwa alama za pompe na kipimo maalum, na kuizungusha kwa kubahatisha kunaleta hasara ileile.

Motere za nje zinazoning'inia nyuma ya boti, zile za siku hizi, zina cheche ya elektroniki. Nyingi haziachi nafasi ya kuregle kwa mkono.

Motere za ndani zenye kompyuta zinapanga avansi zenyewe. Zile zilizobaki na delko lazima kwanza ziwekwe katika hali ya matengenezo kama kitabu kinavyosema. La sivyo lampi inaonyesha namba ambayo kompyuta inaibadilisha kila wakati.

Iko aina ya nne, ambayo inahitaji uangalifu zaidi: motere ya gari iliyotolewa kwenye gari na kufungwa ndani ya boti. Hiyo inakuja na delko ya gari, avansi ya gari na kile kifuko cha hewa. Kuna hatari nyingine tena. Delko, demareri na alternateri za boti ya esansi hutengenezwa kwa namna ya kuzuia cheche isitoke nje. Za gari hazina kinga hiyo. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa chini ya sakafu ya boti. Cheche moja inatosha kulipua boti nzima na waliomo.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, hewa na moto. Fungua kifuniko cha motere, nusa chini ya sakafu, panguza esansi iliyomwagika. Kama boti ina feni ya kutoa hewa, iache izunguke dakika 5 kabla ya kugusa ufunguo. Hakuna sigara wala simu inayochajiwa karibu. Kizima-moto kikae mahali mkono unafika.

Pili, maji. Motere ya boti inapozwa na maji ya ziwa yanayovutwa na pompe yenye gurudumu la kaucho. Bila maji, kaucho hiyo inaungua haraka sana. Ndani ya parsele, weka pipa la lita 200, tumbukiza bomba la kuvuta, na mtu mmoja abaki kuangalia pipa lisikauke. Siku ambayo robine haitoi maji, ahirisha kazi.

Tatu, buji, waya na platini. Hapa wengi wanaruka hatua. Nafasi ya platini inabadilisha avansi: nafasi ikiongezeka, platini zinafunguka mapema na cheche inatangulia, nafasi ikipungua, cheche inachelewa. Kwa hiyo nafasi ipimwe kwanza kwa kale, vile vipande vyembamba vya chuma, mara nyingi karibu milimita 0,4, au kama kitabu kinavyotaka. Ukiregle avansi kwanza halafu ukagusa platini, kazi yako imeharibika. Motere yenye cheche ya elektroniki ndani ya delko haina platini, lakini avansi yake bado inaregliwa kwa kuzungusha delko.

Nne, vyuma vya ndani ya delko. Shika rotori kwa vidole, izungushe kidogo upande inaozungukia, kisha iachie. Lazima irudi yenyewe. Kama imeganda, unyevu wa ziwa umeshaleta kutu. Namba ya ralanti inaweza kuwa nzuri kabisa, na bado motere ikakosa nguvu ikikimbia.

Tano, hakikisha alama haidanganyi. Puli ya mbele au volani ina mstari, na kando yake kuna kipimo chenye namba. Puli nyingi zina pete ya kaucho katikati, na kaucho ikizeeka pete ya nje inateleza pamoja na mstari wake. Kuhakiki, tenganisha batiri, toa buji zote, na funga kizuizi kisicho na makali ndani ya tundu la silinda ya kwanza, kile cha kukinga pistoni isifike juu. Zungusha motere polepole kwa mkono mpaka iguse, weka alama. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili njo juu kabisa ya kweli. Kama mstari wa kiwanda hauko hapo, paka mstari mpya. Toa kizuizi kabla ya kuendelea. Usiizungushe kwa demareri kikiwa bado ndani.

Sita, regle ya kwanza kwa taa. Leta motere kwa mkono mpaka kwenye digrii za kitabu, silinda ya kwanza ikiwa inabana. Utajua kwa kuziba tundu la buji na kidole: hewa inasukuma. Unganisha taa ndogo ya volti 12 kati ya waya unaoingia kwenye platini na chuma cha motere. Rudisha batiri, fungua ufunguo bila kuwasha. Legeza bulo la delko. Platini zikifungwa taa inazimika, zikifunguka inawaka. Zungusha delko taratibu mpaka taa iwake tu, kaza hapo. Kukumbuka: kuzungusha delko kinyume na rotori kunaongeza avansi, kuifuata rotori kunapunguza. Baadhi ya motere za boti zinazunguka kinyume na za kawaida, kwa hiyo angalia rotori kwa macho. Na delko inazunguka nusu ya mwendo wa vilbreke: digrii 1 ukiipeleka delko ni digrii 2 kwenye puli. Mkono kidogo ni mwingi.

Saba, lampi ya stroboskopu. Regle ya taa inatosha kuwasha, haitoshi kusafiri. Fungia kishikio cha lampi kwenye waya wa buji ya kwanza, paka mstari chaki, acha motere ipate joto. Kama delko ina kifuko cha hewa, toa bomba lake na uzibe. Kwenye ralanti iliyoandikwa kitabuni, mwanga unaonyesha mstari kama umesimama. Regle mpaka usimame kwenye namba. Kisha ongeza mpaka mizunguko 3.000 na usome tena. Mstari lazima usogee mbele kwa utulivu na ukome kwenye namba ya jumla. Kama namba ya jumla imezidi, usifurahie ralanti nzuri: ya jumla njo inayotoboa pistoni. Angalia nguo na waya wa lampi visiguse mkanda au puli.

Nane, ziwani, boti ikiwa na mzigo. Hapa kazi inakwisha kweli. Paka alama kwenye mguu wa delko ili kujua ilipokuwa. Peleka boti yenye uzito wake wa kawaida, karibu na pwani, watu wamevaa jilet. Ongeza akselere polepole. Motere ikigonga, punguza mara moja, rudisha avansi digrii 2 za puli, jaribu tena. Baada ya kukimbia, zima, toa buji na uziangalie. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Kaure nyeupe yenye malengelenge, au vitone vidogo vya fedha juu yake, ni pistoni inayoanza kuyeyuka: usirudi katikati ya ziwa.

Dalili za haraka

Avansi imezidi: demareri inapigwa nyuma wakati wa kuwasha, motere inagonga chini ya mzigo, joto linapanda.

Avansi imepungua: motere ni nzito, inakunywa esansi, bomba la moshi linakuwa moto sana, joto linapanda pia.

Kwa sababu joto linapanda pande zote mbili, lisichukuliwe peke yake kuwa ushahidi. Kagua kwanza pompe ya maji. Na kama hakuna lampi, na safari haiwezi kungoja, heri kukosea kidogo upande wa kurudi nyuma. Avansi iliyopungua kidogo inakula nguvu na mafuta. Iliyozidi inakula motere. Lakini kidogo ni kidogo: kurudisha sana kunaunguza supape za kutolea moshi.

Karatasi ya kuondoka nayo

Mwenye boti asiyejua ufundi anaweza kujikinga kwa kuomba kitu kimoja kabla ya kulipa: namba zilizoandikwa. Digrii kwenye ralanti na kwenye mizunguko 3.000, nafasi ya platini, aina ya buji, na tarehe. Fundi aliyetumia lampi hatakosa namba hizo. Aliyetumia sikio hatakuwa nazo, na hapo njo mahali pa kuzungumza, motere ikiwa bado juu ya vigingi huku Golf.

Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya kifuniko cha motere, ndani ya plastiki. Siku motere ikianza kugonga mbele ya Moba au Kilwa, fundi wa huko, hata asiyeijua motere hiyo, atakuwa na mahali pa kuanzia. Na alama iliyopakwa kwenye mguu wa delko itamwambia kama kuna mkono mwingine uliopita hapo.